Kivuli Kilichopandishwa Mbekenyera: Sista Teodosia Nampoto Aaga Kitengo cha Macho

Sista Teodosia Nampoto anastaafu tarehe 30 Juni 2008, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya Nachingwea kwa miaka thelathini na minne. Kumi na minne ya mwanzo aliifanyia kazi wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Ishirini iliyobaki amekuwa kwenye kitengo cha macho, katika kile chumba cha mwisho wa korido ambacho dirisha lake limepakwa rangi nyeusi. Wafanyakazi wapya hupitishwa hapo siku ya kwanza, na wengi huuliza kama ni stoo.

Alizaliwa Nachingwea mwaka 1948, kwa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Nyumbani walizungumza Kimakua, sokoni Kimwera, shuleni Kiswahili. Mwenyewe anakiri kwamba hadi leo akijikwaa hulalamika kwa Kimakua. Aliajiriwa hapa mwaka 1974, na mwaka 1988 alirudi kutoka masomoni na sanduku la lenzi pamoja na kurunzi ndogo ya kutazamia ndani ya jicho. Kurunzi hiyo hakumwazima mtu, hata umeme ulipokatika kwenye sherehe ya Krismasi.

Cheo cha sista kilimletea maswali. Huko kijijini Matambarale mzee mmoja alimsikia akimtaja mjukuu wake, akasimamisha foleni nzima akitaka kuelezwa tangu lini masista wana wajukuu. Teodosia alimjibu kwamba yeye ni sista wa sindano, si wa rozari. Mzee aliridhika, lakini aliomba asichomwe.

Kwa hesabu, kazi yake kubwa ilikuwa mtoto wa jicho na vikope. Waliofanya kazi naye watamkumbuka zaidi kwa ugonjwa usioonekana kwa nje, yaani damu inayovuja nyuma ya jicho. Mgonjwa wa namna hiyo jicho lake ni jeupe, halina tongo, mara nyingi haliumi. Anatembea mwenyewe hadi mlangoni, anasalimia vizuri. Kisha anakaa na kusema kuna mtu kati yake na wewe.

Ugonjwa wenyewe unaelezeka. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea picha, uitwao retina, wenye mishipa midogo ya damu. Mbele ya utando huo jicho limejaa ute mzito, mwangavu kama ute wa yai bichi. Mishipa ikivuja, damu huingia kwenye ute na kuelea humo. Mgonjwa haioni damu; anaona kivuli chake. Kisukari cha muda mrefu ndicho chanzo ambacho Sista alikutana nacho zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, kikifuatiwa na shinikizo la damu. Kulikuwa pia na kijana wa Kilimarondo mwenye selimundu, mpasua mbao aliyepigwa usoni na tawi, na mama aliyejikamua mno wakati wa kujifungua. Wengine retina yenyewe ilikuwa imechanika, na hao kwanza huona vimulimuli, kama radi ya mbali isiyo na sauti. Mtu akisema hivyo, Sista hakumwambia arudi kesho.

Kila mmoja alikuja na jina lake la kile alichokiona. Masizi. Nyuki. Utando wa buibui. Kijana wa Kilimarondo alisema ni kunguru asiyetua. Sista hakuwahi kumsahihisha mtu. Alizima taa, akaweka dawa ya kutanua mboni, na wakati wakisubiri katika giza hilo aliuliza maswali mawili ambayo kila muuguzi aliyefundishwa naye anayajua: asubuhi kinakaa wapi, na mchana kinakaa wapi?

Dawa hiyo ya kutanua mboni ina historia yake hapa. Bwana Yasini, mlinzi wetu wa zamani, aliwekewa matone, ambayo hutia macho ukungu kwa saa kadhaa, akaambiwa apumzike hadi jioni. Akarudi getini dakika ile ile, akamzuia Mganga Mfawidhi asiingie, akamtaka alete ndugu anayemfahamu.

Mwaka 1996, Ruangwa ikiwa bado wilaya changa, gari letu la huduma ya mkoba, ile inayowafuata wagonjwa vijijini, lilisimama kwenye shule ya Mbekenyera. Pale shuleni aliletwa Bi. Mwanaima, mkulima wa ufuta mwenye umri wa miaka arobaini hivi. Mumewe, Bwana Mikidadi, alitembea mbele. Dada mkubwa wa Mwanaima, Bi. Shakila, alimshika kwa ncha ya kanga. Jicho la kushoto la Mwanaima lilipotea utotoni kwa surua. La kulia ndilo pekee lililokuwa likimwonesha dunia, na hilo ndilo alilolileta.

"Kilianza kama moshi wa kibiriti," alimwambia Sista. "Uzi mweusi, unajikunjakunja. Nikaupangusa, haupanguki. Jioni kikawa na kichwa."

"Mwambie kichwa cha nani," Shakila alisema. "Usimfiche sista. Umekuja hospitali."

"Cha Yasmini."

Yasmini alikuwa mke mwenza wa Mwanaima. Alifariki wakati wa masika ya mwaka uliotangulia. Alikuwa na mazoea ya kufunga kilemba kikubwa, hata shambani. Kile alichokiona Mwanaima kilikuwa na kichwa kipana na hakikuwa na miguu. Akigeuza jicho, kinageuka. Akilisimamisha, kinaendelea kidogo ndipo nacho kisimame, kama mtu anayekufuata ambaye hajatambua kwamba umesimama. Asubuhi akiamka dunia yote ilikuwa nyekundu iliyoiva hadi kuwa nyeusi, kana kwamba kuna mtu amemlalia usoni. Jua likipanda, mtu huyo huinuka. Mchana huwa amefika juu kwenye mapaa ya nyumba, amekaa huko anamtazama. Watoto walikuwa wamehamia kwa jirani.

"Yasmini alikuwa anaogopa hata panya," Mikidadi alisema. "Leo akakae mapaani afanye nini?"

"Shemeji, nyamaza," Shakila akamkata. "Wewe ungemwona ungekuwa umeshahama kabla ya hao watoto."

Sista alijifunika blanketi pamoja na mgonjwa, akawasha kurunzi. Kwa kawaida mwanga unaoingia kwenye mboni hurudi ukiwa na rangi ya chungwa, kama kaa la moto. Kwa Mwanaima mwanga uliingia na haukurudi. Mkojo ulipopimwa ulikutwa na sukari nyingi, na hapo ndipo ukoo ule ulipojua kwa mara ya kwanza kwamba Mwanaima ana kisukari.

Sista aliwaeleza. Damu ndani ya jicho hutulia kama tope kwenye ndoo. Mtu akikaa, inazama chini. Akilala chali, inatawanyika tena na kufunika kila kitu. Ila picha ndani ya jicho huingia kichwa chini miguu juu, kwa hiyo kinachozama chini, mwenyewe hukiona kinakwenda juu. Yule aliyemlalia usoni alfajiri na kufika mapaani mchana alikuwa akifuata mkao wa Mwanaima tu. Akaagiza mgonjwa alale ameketi, ameegemea magunia ya pumba. Asitwange, asibebe, asiiname kupalilia. Ameze dawa za sukari bila kuruka. Na kwa kuwa hakuna awezaye kutibu kinachovuja bila kukiona, damu ikishatulia na jicho kufunguka apelekwe Nachingwea.

Neno la mwisho alilowaachia lilikuwa hili: "Kikipanda ni dalili njema. Tunataka kipande, kikae huko huko juu."

Kitabibu, sentensi hiyo haina kosa. Lakini Mbekenyera, kama kwingineko, anayepanda ni shetani. Humpanda mtu kichwani, hutaja jina lake, husema anachotaka, kisha huondoka. Asiyepanda mwenyewe hupandishwa kwa ngoma. Shakila alimsikia muuguzi wa hospitali, tena Mkristo, akiagiza kwa kinywa chake kwamba kivuli kipande. Alimshukuru kwa mikono miwili, akaondoka kwenda kumtafuta fundi wa kupandisha.

Safari iliyofuata ya mkoba, dereva alipozima injini karibu na nyumba ya Mikidadi, walisikia ngoma. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali. Katikati ya uwanja alikuwapo Mwanaima, amefunikwa shuka, anarusha kichwa mbele na nyuma kufuata mapigo. Kila kichwa kilipokwenda nyuma, alimwita Yasmini. Waliokaa kando waliitika kwa niaba ya Yasmini. Dereva wetu anasema hakuteremka kwenye gari, na hajaona sababu ya kuona haya kwa hilo.

"Karibu, sista!" Shakila alimpokea kwa furaha. "Tumefanya kama ulivyosema. Hakijapanda sawasawa, lakini tangu jana kinataka."

"Kinataka nini?"

"Kupanda! Si wewe mwenyewe ulisema kipande?"

Sista alielewa. Mishipa inayovuja haivumilii kutikiswa, na lile lilikuwa jicho pekee. Angeweza kupiga kelele na ngoma ikanyamaza, kisha gari likaondoka na ngoma ikarudi. Aliuliza fundi ni yupi. Akaoneshwa Bwana Halfani, mtu wa makamo, mpole, anayefuta jasho kwa taulo.

"Fundi," Sista alisema, "samahani kukukatiza. Huyu mgonjwa, katika kazi yako, mnamwitaje?"

"Huyu ndiye kiti." Katika kazi hiyo kiti ni mtu anayekaliwa na shetani.

"Na usiku kiti mnakiwekaje?"

"Tunamlaza chali, kwenye mkeka. Si amechoka?"

"Kwenu kiti kinalazwa chali? Kwetu kikionekana kimelala chali, watu wanajua kimevunjika. Hakuna anayekikalia."

Uwanja ulicheka. Halfani hakucheka. Alimtazama Mwanaima kwa muda, akamtazama mpiga ngoma, akainua mkono.

"Umenishika, sista," alisema. "Kiti kikae."

Ngoma ilikoma. Halfani alitoa masharti hapo hapo, mbele ya watu wote. Tangu siku ile kiti kikae mchana na kikae usiku. Kisitikiswe. Mgeni akitaka kupanda atapanda kwa miguu yake, na hakuna wa kumpigia ngoma. Sista hakusema kwamba kuna shetani, wala hakusema kwamba hayupo. Maagizo yalikuwa yale yale aliyoyatoa mwanzo. Safari hii yalifuatwa.

Hata hivyo damu mpya ilikuwa imeshamwagika. Chini ya blanketi Mwanaima aliweza kutambua tu kwamba kurunzi inawaka. Mkono uliopungwa mbele ya uso wake hakuuona.

"Amesogea," alimwambia Sista kwa sauti ya chini. "Zamani kulikuwa na nafasi kati yetu. Sasa haipo."

Miezi iliyofuata, waliopita mbele ya nyumba ile walimkuta mwanamke ameketi ukutani, jicho moja wazi, hatikisiki. Aliposalimiwa aliitika vizuri, akiwa ameelekea pasipo na mtu. Wengine walianza kuzunguka njia ya nyuma. Mikidadi alipika uji, alichota maji, na alivumilia utani wa wanaume wenzake sokoni.

"Mikidadi, tunasikia umeoa kiti."

"Kiti changu. Hukukichonga wewe."

Kila gari la mkoba lilipofika Ruangwa, Sista aliomba lipitie Mbekenyera. Alipima sukari, akabadili dozi, akauliza maswali yake mawili. Kwa muda mrefu jibu halikubadilika: asubuhi yuko usoni, mchana yuko usoni. Kisha mchana alirudi nyuma kidogo. Kisha akainuka. Mwanzoni mwa 1997 Shakila alipanda lori la korosho hadi Nachingwea, akamkuta Sista akila chakula cha mchana, akasema bila salamu, "Yuko mapaani. Wiki nzima hajashuka."

Mwanaima aliletwa. Katika chumba cha dirisha jeusi mwanga uliingia kwenye mboni na kurudi ukiwa na rangi ya chungwa. Nyuma yake Sista aliona kilichokuwa kimefichwa na damu, yaani mishipa mipya, myembamba, iliyochipua pasipostahili kama mizizi kwenye gunia lililoloana. Kisukari huziba mishipa ya zamani, jicho huotesha mipya kwa kukosa damu ya kutosha, na hiyo mipya haina nguvu. Ingepasuka tena. Tiba yake ni mionzi ya leza ya kuinyausha, na leza ilikuwa Dar es Salaam.

Sista alichukua likizo yake akamsindikiza. Barabara ilikuwa ile ya kabla ya daraja, na kwenye kivuko cha Rufiji basi lilingoja sana. Mwanaima alikaa wima safari nzima, na Sista husema huyo ndiye abiria pekee aliyewahi kumwona akishukuru kiti cha basi lile. Leza ilipigwa kwa awamu. Damu haikutoka tena. Mwanaima hakurudishiwa yote. Usiku haoni vizuri, na pembeni picha imepungua. Lakini alirudi Mbekenyera akiwaona watoto wake, akawaambia wahamie nyumbani, na msimu uliofuata alipepeta ufuta mwenyewe.

Baada ya safari ile Sista alipiga marufuku maneno kupanda na kushuka katika kitengo. Mgonjwa hupewa ungo na punje ya choroko, huambiwa autazame ungo katikati na kuweka punje pale kivuli kilipo. Ungo huo bado umetundikwa nyuma ya mlango, na madaktari wanaokuja kutoka mikoa mingine husita kidogo kabla ya kuuliza ni wa nini. Aliwashawishi pia wenzake wa kliniki za kisukari za Nachingwea na Ruangwa kwamba kila mgonjwa atazamwe ndani ya jicho mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Ndiyo maana siku hizi wengi hupelekwa kwenye leza kabla damu haijamwagika. Halfani, hadi alipofariki mwaka 2004, alimletea Sista watu waliokuwa wakiona watu. Alikuwa akiwaambia wakifika waketi wima, yule mama hapendi kiti kilicholala.

Mwezi Mei mwaka huu Sista alikwenda Mbekenyera kwa mara ya mwisho kikazi. Mwanaima alifika peke yake, kwa miguu, ana mvi, amebeba karanga za kumuaga. Sista alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ute ulikuwa safi. Makovu ya leza yalikuwa yametulia. Hakukuwa na tone la damu. Alimwambia hivyo.

Mwanaima alishukuru. Akauliza, kama ni hivyo, mbona Yasmini bado yupo. Siku hizi hayuko juu, alisema. Amesimama tu hapo mlangoni.

Sista alimweleza kwamba leza huacha vidoa visivyoona, na mtu aliyezoea kivuli kwa miaka anaweza kukipa kidoa sura ileile. Mwanaima alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Hivyo vidoa navijua, sista. Nikitazama huku vinakuja huku, nikitazama kule vinakwenda kule. Huyu haendi. Wewe umetazama ndani ya jicho. Yeye yuko nje."

Muuguzi Josephina, aliyekuwa akimshikia kurunzi, anasema Sista alisogeza kigoda chake ukutani kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kisha akaandika: jicho la kulia, safi.

Kuanzia Julai kitengo kitakuwa chini ya Bi. Josephina. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na ya watu wa Nachingwea na Ruangwa ambao leo wanaweza kujisomea maneno haya wenyewe, tunakushukuru, Sista Teodosia. Uwe na miaka mingi ya heri mbele yako, na macho ya kuiona.